Kaa Chini ya Jivu: Khofu ya Aliyepona

Wahenga wetu walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa kuchekea. Mtu hukimbia kitu kisichodhuru, wenziwe wakamtazama yeye, kisha wakautazama ung'ongo, wakaangua kicheko. Nami nimeitumia tangu utotoni, na kwa miaka mingi sikupata kujiuliza suali moja jepesi: je, yule aliyeumwa alikosea? Ung'ongo umelala mchangani, umepindapinda, jua limekwisha kuzama, na kwa macho ya magharibi hautofautiani na nyoka. Wanaocheka hawakupata kuumwa. Kati yao na yeye, nani aliyeijua njia ile vizuri zaidi?

Suali hili limenijia mwaka huu kwa sababu ya ndoo ya maji. Niliinyanyua asubuhi, na ilipofika adhuhuri mgongo ukaniuma mahali padogo, chini kidogo ya mbavu za kushoto. Mwengine angelijisugua mafuta akalala. Mimi nilinyamaza siku tatu, nikihesabu. Nilihesabu miaka, nikahesabu mifupa, nikahesabu umri wa mjukuu wangu na kujiuliza atakuwa darasa la ngapi. Usiku wa tatu mwanangu wa kike, ambaye ananijua kuliko ninavyodhani, akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia. Akanitazama kwa mshangao usiokuwa na ubaya wowote, akasema, "Kwani, mama, si ulishapona?"

Niligunduliwa saratani ya titi mwaka 2011. Nilikatwa, nikatiwa dawa za mishipani, kisha nikavuka bahari kwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi pale Ocean Road, katika jengo la ufukweni ambalo Wajerumani walilifungua kuwa hospitali mwaka 1897, na ambalo kwa sheria ya mwaka 1996 lilifanywa taasisi ya taifa ya maradhi haya. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka kumi na tatu. Mtaani kwetu naitwa aliyepona, na jina hilo nalishukuru. Lakini khofu haikuondoka. Ninalotaka kulizungumza na wasomaji wa jarida hili, ambao kwa kawaida tunakutana kwa ajili ya vina na mizani, ni jambo la kimaadili. Je, khofu ya mtu aliyepona ni kosa? Ni upungufu wa imani, au wa shukrani? Na ikiwa si kosa, basi nani anadaiwa nini kwa ajili yake?

Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nianze na maneno. Mimi sikusoma chuo chochote. Nilichonacho nimekipata kwa kamusi na kwa wazee waliokuwa na subira. Miaka michache iliyopita niliombwa kufasiri kijitabu cha kuwasaidia wagonjwa wa saratani. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ilinichukua miezi miwili, kwani mambo matatu yalinishinda.

La kwanza lilikuwa jina la mtu mwenyewe, yule aliyeugua na bado yu hai. Waingereza wana neno walilolipata kwa Walatini, lenye maana ya kuishi kupita jambo fulani. Sisi tunalo "manusura", lakini hilo lina harufu ya ajali, la aliyeokotwa baharini akiwa ameshikilia ubao. Wanaofanya kampeni hupenda kutuita "mashujaa", nami nafahamu nia yao ni njema. Lakini shujaa ni aliyemshinda adui, na mimi sikumuona adui akianguka. Nililazwa kitandani, wengine wakapigana. Na lau yatarudi, je, nitavuliwa ushujaa? Mwisho nikarejea kwenye neno la nyumbani: aliyepona. Hapo ndipo nilipogundua kuwa neno hili lina vyumba viwili. Twasema mtoto amepona homa, na twasema abiria amepona ajali ya meli. Kwa mtoto, homa imetoka mwilini mwake. Kwa abiria, bahari haikutoka duniani. Bado ipo, na kesho huenda akalazimika kuivuka tena. Mwanangu aliponiuliza kama sikupona, alikuwa katika chumba cha kwanza. Mimi naishi katika chumba cha pili, na mlango baina yetu ni neno moja.

La pili lilikuwa jina la ile hali ambapo maradhi hayaonekani tena katika vipimo. Neno la kigeni nililotakiwa kulifasiri lina asili ya kuachilia na kurudisha nyuma, na Wakristo wa Ulaya wamelitumia neno hilo hilo kwa kuondolewa dhambi. Nusura niandike "msamaha". Lilikuwa neno zuri, lenye huruma ndani yake. Nikauzuia mkono wangu, kwani aliyesamehewa ni lazima awe amekosa, na wanawake niliokaa nao kwenye benchi la kungojea mionzi hawakuwa wamekosa kitu. Nikaandika "utulivu wa maradhi", na mpaka leo sijaridhika nalo, ila halimtuhumu mtu.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Maradhi yakija tena, twasema yamerudi, yamemrudia mgonjwa. Lakini msomaji anajua kuwa kumrudi mtu ni jambo jengine kabisa. Mzazi humrudi mtoto, mwalimu humrudi mwanafunzi. Baina ya "yamemrudia" na "yamemrudi" pana irabu moja tu, na nimewasikia watu wakiipoteza irabu hiyo bila ya kujua. Husema, "Maskini, yamemrudi." Na nyuma ya ulimi ulioteleza, wakati mwengine huwamo fikra ambayo haikuteleza: huenda pana alilolifanya, huenda hakushukuru vya kutosha, huenda hakuacha jambo alilotakiwa aliache. Ndipo nilipotambua kuwa aliyepona anaogopa mara mbili. Anaogopa maradhi, na anaogopa maana ambayo watu wataipa maradhi hayo yakirudi.

Kabla ya kuihukumu khofu, tuulize kwanza kama ina msingi. Iwapo ni ung'ongo mtupu, basi wacheke wanaocheka.

Jina lenyewe la maradhi haya ni la mnyama wa pwani. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, kama ilivyo burji Saratani kwa wanajimu wetu. Waarabu hawakuwa peke yao, kwani waganga wa Kiyunani wa zama za Hippocrates walikuwa wamekwisha kuuita uvimbe huu kwa jina la kaa, na baadaye Galen akaeleza kuwa mishipa iliyotanda pembeni mwa uvimbe hufanana na miguu ya mnyama huyo. Sisi wa visiwani tunamjua kaa kwa jambo jengine. Kaa wa mikokoni huingia shimoni na kutulia. Mtu hupita juu yake na asijue. Maji yakipwa, hutoka.

Elimu ya tiba imefika karibu na picha hiyo kwa njia yake. Mwaka 1954 mtaalamu wa patholojia wa Uingereza, Geoffrey Hadfield, aliandika juu ya chembe ya saratani iliyolala, akijaribu kueleza vipi uvimbe unaweza kujitokeza upya miaka mingi baada ya mgonjwa kuonekana hana kitu. Chembe chache hutoka kwenye uvimbe wa mwanzo kabla haujakatwa, zikajibanza penginepo, mathalan ndani ya mfupa, na zikakaa humo bila ya kuongezeka. Ni kama kaa la moto lililofunikwa na jivu: jiko linaonekana limezimika, na mpishi amekwenda zake kulala.

Na si suala la nadharia peke yake. Mwaka 2017 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 88 yaliyowahusu wanawake 62,923 waliokuwa na aina ya saratani ya titi inayolishwa na homoni, aina niliyokuwa nayo mimi. Wote walikuwa wametumia dawa za kuzuia homoni kwa miaka mitano, na wote walikuwa hawana dalili yoyote miaka hiyo ilipomalizika. Wataalamu wakatazama yaliyotokea baina ya mwaka wa tano na wa ishirini. Maradhi yaliendelea kurudi kwa kasi ile ile, mwaka baada ya mwaka, bila ya kufika siku ya kusema sasa basi. Kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa mdogo na haukufika kwenye tezi za kwapani, hatari ya kurudi katika sehemu nyengine ya mwili ilikuwa asilimia 13. Kwa wale waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi, na tezi baina ya nne na tisa zimeingiliwa, ilikuwa asilimia 41.

Nilizisoma hesabu hizo kama anavyosoma mtu barua ya mirathi. Kwanza niliona kuwa khofu yangu haikuwa ndoto. Kisha, baada ya siku nyingi, nikaona upande wa pili wa ukurasa: hata katika kundi lile lililokuwa katika hali mbaya kuliko yote, walio wengi hayakuwarudia katika muda ule. Hesabu ni mizani ya kweli. Lakini ina kasoro moja kwa mwenye kusimama juu yake: humweleza habari za watu mia, na yeye ni mmoja. Hakuna mtu anayerudiwa na maradhi kwa asilimia kumi na tatu. Hurudiwa, au harudiwi.

Basi ung'ongo wetu si ung'ongo mtupu. Ni ung'ongo katika njia ambayo nyoka hupita kweli. Hapo ndipo mashtaka yanapoanza kuwa mazito, kwa sababu khofu isiyo na msingi hutibiwa kwa ukweli, lakini khofu yenye msingi itatibiwa kwa nini?

Shtaka la kwanza ni la imani. Huambiwa aliyepona: dua ya shukrani imesomwa, watu wamekula pilau, unaogopa nini tena? Asemaye hivyo humaanisha kuwa khofu na kutawakali havikai nyumba moja. Mimi si mwanachuoni, na sitaki kuvaa kilemba kisichokuwa changu. Lakini najua kuwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika Ihyaa yake hakuzitenga khofu na matumaini katika vitabu viwili. Aliziweka katika kitabu kimoja, akazifananisha na mbawa mbili ambazo mja huruka nazo. Khofu aliyoikusudia ni ya Mola, si ya maradhi, nami sichanganyi mambo hayo. Nachukua funzo moja tu la jirani: kwamba mwanachuoni mkubwa kama yeye hakuona aibu kuitia khofu katika hesabu ya mambo mema ya moyo, maadamu haiko peke yake. Na sote tumefunzwa tangu chuoni kisa cha bedui aliyeelekezwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndio ategemee. Anayefunga ngamia anajua kuwa ngamia hupotea. Kamba ile ni khofu iliyofanyiwa kazi.

Wala sisi watu wa bahari hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, na mamia ya watu wakafa. Julai 2012 ikazama MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kuja huku kwetu. Mimi katika miezi ile nilikuwa mgonjwa mwenye kuvuka bahari kwenda matibabuni na kurudi. Nakumbuka jinsi tulivyopanda boti baada ya misiba hiyo. Hapana aliyecheka. Wazee walisoma uradi wao, kina mama waliwashika watoto mikono, na kila mmoja wetu alitafuta kwa macho maboya yalipowekwa. Hapana aliyetuambia kuwa kutafuta maboya ni kumtilia Mungu shaka. Na laiti nahodha angelisimama akatangaza kuwa yeye bahari haiogopi hata kidogo, naamini nusu yetu tungeliteremka. Tunaiheshimu khofu ya nahodha kwa sababu ndiyo inayotufikisha. Kwa nini basi khofu ya mwenye mwili, ambaye ndiye nahodha wake, tuiite udhaifu?

Shtaka la pili ni la wenye hekima. Epicurus, Myunani, alifundisha kuwa kifo hakituhusu, kwani sisi na kifo hatukutani: mmoja akiwepo, mwengine hayupo. Ni hoja safi, na nimejaribu kuitumia usiku. Haikunifaa, kwa sababu sijaona kuwa ninachoogopa hasa ni kifo. Naogopa kuwaambia wanangu mara ya pili. Naogopa ile harufu ya chumba cha dawa, na nywele mtoni. Naogopa kuwa mzigo kwa watu ambao wamekwisha kuubeba mzigo huo mara moja na wakautua. Hayo yote hutokea mtu akiwa hai, na Epicurus hakuyagusa. Seneca wa Roma alimwandikia rafiki yake Lucilius kumkanya asiteseke kabla ya wakati wake, kwa jambo ambalo huenda lisitokee kabisa. Huyu namsikiliza zaidi. Lakini ushauri wake unafaa kwa mwenye kudhani. Kwa mtu ambaye jambo lilikwisha kumtokea, halimo katika mambo anayoyabuni. Limo katika mambo anayoyakumbuka.

Wataalamu wa Marekani, Koocher na O'Malley, walipochunguza maisha ya watu waliopona saratani utotoni, waliipa hali hii jina la Damocles katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kisa chake kimesimuliwa na Cicero. Mfalme wa kisiwa cha Sicily alimkalisha Damocles kwenye kiti chake cha fahari, mbele ya vyakula vya kila namna, na juu ya kichwa chake akatundika upanga kwa unywele mmoja wa farasi. Damocles hakuweza kula. Aliomba ruhusa aondoke, akaruhusiwa. Mfano ni mzuri, ila una tofauti mbili na sisi. Upanga wake uliwekwa na mtu kwa makusudi, ili kumfunza adabu. Wetu haukutundikwa na mtu, wala hautufunzi adabu. Na yeye aliruhusiwa kuondoka mezani. Sisi meza ndiyo hii, na hapana nyengine. Kwa hivyo suali letu si vipi tutaondoka chini ya upanga. Ni vipi tutakula tukiwa chini yake, na tutawatazama vipi waliokaa nasi mezani ambao kwao hakuna upanga unaoonekana.

Hapo ndipo penye uzito wa kimaadili, kwa maoni yangu. Khofu yenyewe si wema wala uovu, ni kama njaa. Wema na uovu huingia katika yale ambayo watu wawili, mwenye khofu na asiye nayo, hufanyiana kwa ajili yake.

Nianze na wazima. Audre Lorde alikuwa mshairi mweusi wa Marekani aliyekatwa titi mwaka 1978, akaandika shajara yake ya saratani iliyotoka mwaka 1980. Ndani yake ameeleza namna alivyokwenda kumuona daktari wake bila ya kuvaa titi la bandia, na muuguzi akamtaka alivae, kwa sababu kutolivaa kunavunja moyo watu wa pale. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Aliyekatwa ni yeye, na aliyetakiwa kuwafariji wengine ni yeye pia. Nasi hapa kwetu tunafanya hivyo hivyo na khofu. Tunamtaka aliyepona avae moyo wa bandia. Tunamwambia "usiseme hivyo, utajiombea mabaya", na mara nyingi hatumkingi yeye, tunajikinga sisi. Kupona kwake kumekuwa faraja yetu, ushahidi wetu kuwa dunia ina mwisho mwema, na hatutaki ushahidi huo uguswe. Hili ndilo deni la kwanza ambalo wazima wanadaiwa: wasimgeuze aliyepona kuwa hirizi.

Na madhara yake si ya moyo tu. Katika lile benchi la mionzi nilikuwa na shoga mmoja, mwanamke mchangamfu kunizidi, ambaye jina lake halina haja hapa. Alipona, ikasomwa dua kubwa. Mwaka wa kwanza alikwenda kuangaliwa, na wa pili pia. Wa tatu hakwenda. Aliniambia kuwa kila akiaga safari ya hospitali, watu wa nyumbani humuuliza, "Kwani huamini kuwa umepona?" Akaona aibu. Alipoanza kukohoa alinyamaza kwa miezi, kwa kuwa kusema kungelikuwa kama kuwanyang'anya shukrani yao. Mficha maradhi kilio humfichua. Sisemi kuwa angelipona lau angelikwenda mapema. Pengine yangelikuwa yale yale. Nasema kuwa alikaa peke yake na jambo lile kwa miezi mingi katika nyumba iliyojaa watu waliompenda. Hilo ndilo nililoshindwa kulisamehe, na katika wale nisiowasamehe nimo mimi mwenyewe, kwani nami nilimwambia mara moja, "Shoga, wachana na mawazo."

Sasa niwageukie wenzangu wenye khofu, kwani nao wana madeni. Khofu ikiachwa itawale, huwa sultani mbaya. Baada ya kupona nilikuwa najipapasa kila usiku mpaka ngozi inauma, kisha maumivu yale yale nikayahofia. Nilitamani nipigwe picha za mwili mzima kila baada ya miezi mitatu, hata kama ni kwa kuuza cherehani. Daktari akanifahamisha kwa upole kuwa kwa mtu asiye na dalili picha hizo hazishauriwi, kwa sababu hazikuonekana kuwarefushia watu maisha. Kinachoshauriwa ni kuangaliwa na daktari kwa wakati uliopangwa, na kupigwa picha ya matiti mara moja kwa mwaka. Nilichokuwa nikikitafuta hakikuwa kipimo. Nilitaka karatasi yenye neno "kamwe", na karatasi hiyo haitolewi na hospitali yoyote duniani. Anayeidai anawachosha watu wake, anamaliza mali yake, na anaikosa leo bila ya kuipata kesho.

Mwaka 2012 lilitolewa jaribio lililoonyesha kuwa wanawake wenye aina yangu wakitumia tamoksifeni kwa miaka kumi badala ya mitano, wanaorudiwa na wanaokufa hupungua. Nami nikaongezewa miaka. Nilipomeza kidonge cha mwisho nilitarajia furaha. Badala yake nilijihisi kama mtu aliyevuliwa shuka kwenye baridi ya kusi. Nikafahamu kuwa muda wote ule kidonge kilikuwa kinafanya kazi mbili, moja katika damu na moja katika moyo, na ile ya pili sasa nilitakiwa niifanye mimi.

Nimeifanya kwa makubaliano. Mimi na daktari tumepatana kuwa maumivu mapya yakidumu wiki mbili, nampelekea. Yasipofika hapo, nayaacha yapite. Makubaliano haya hayaiondoi khofu, lakini yameinyima haki ya kuniamuru saa yoyote itakayo. Nimesoma kuwa watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2017 matokeo ya tiba ya mazungumzo kwa watu kama sisi, na kwamba tiba hiyo haikuwataka watu waifukuze fikra ya kurudiwa. Iliwafunza kuipa nafasi yake na kisha kuelekeza macho kwenye mambo wanayoyathamini. Iliwapunguzia khofu zaidi kuliko mazoezi ya kutuliza mwili. Nilifurahi kuona kuwa walichokipata kwa utafiti, bibi zetu walikijua walipokuwa wakimwambia mwenye msiba asizuie kilio, alie kisha ainuke akapike.

Lugha yetu, ambayo ilinitesa kwa "kupona" na "kurudi", hapa imenipa zawadi. "Kaa" ni mnyama wa shimoni aliyetoa jina la maradhi. "Kaa" ni kipande cha moto kilichofichwa na jivu. Na "kaa" ni neno tunalomwambia mgeni anapobisha hodi. Daktari Fitzhugh Mullan, aliyeugua saratani mwaka 1975 akiwa kijana na akaandika juu ya misimu ya maisha ya aliyepona mwaka 1985, aliishi zaidi ya miaka arubaini baada ya maradhi yake, akafariki mwaka 2019 kwa saratani ya mapafu. Audre Lorde yalimrudia katika ini mwaka 1984, naye akaendelea kuandika mpaka alipofariki mwaka 1992 katika kisiwa cha St. Croix. Mmoja alipewa miaka mingi, mmoja michache. Sioni kuwa mmoja alistahiki zaidi ya mwengine. Ninachoona ni kuwa wote wawili walikaa. Nami nimejiandikia ubeti huu, si kwa ajili ya mashindano:

Kaa la moto jivuni, halizimi haliwaki,
Limo mwangu kifuani, silioni silishiki,
Nakoka moto jikoni, wala kulia sitaki,
Tukae sote nyumbani, ewe mgeni wa dhiki.

Usiku ule, mwanangu aliponiuliza kama si nilishapona, sikuwa na makala ya kumsomea. Nilimjibu, "Nimepona, mwanangu, na naogopa. Yote mawili ni kweli." Akakaa kimya kidogo. Kisha hakuniambia niwachane na mawazo, wala hakuniambia kuwa Mungu mkubwa, ingawa sote wawili tunaamini hivyo. Aliniuliza, "Leo ni siku ya ngapi?" Nikamwambia ya tatu. Akasema, "Basi zimebaki kumi na moja. Tutahesabu pamoja."

Mgongo uliacha kuuma siku ya tisa. Ilikuwa ndoo, safari hii. Mwezi ujao ni zamu yangu ya kuangaliwa, na mwanangu amekwisha kukata tikiti mbili za boti ya asubuhi.